Mwalimu Aliyetaka Kukamatwa

Watu wa idara yetu walimwita Nikamateni, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi yake. Alifundisha hisabati chuo kikuu tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zilipomwishia kabisa. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliingia kwenye ukumbi wa mihadhara, akaweka kipande kipya cha chaki juu ya meza, akawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba atakosea. Atakosea makusudi, kila kipindi, na atakayeliona kosa asimame aseme, "Mwalimu, nimekukamata." Akiwa kweli amekamata, atapewa chaki, atamalizia uthibitisho mwenyewe ubaoni, na chaki ataondoka nayo.

Mimi ni mmoja wa walioondoka nayo. Ninayo mpaka leo, kwenye kikombe kilichokatika mkono, juu ya kabati langu. Baadaye nikawa msaidizi wake: yeye alihadhiri, mimi nikafundisha madarasa madogo ya mazoezi, ambako wanafunzi huja kufanya kwa mikono yao yale waliyoyaona kwake. Nayasimulia haya kwa sababu watu wameusimulia mwisho wake ovyo ovyo, na lawama wameitupia mtu asiyestahili hata chembe yake.

Asidhani mtu kwamba mitego ile ilikuwa mchezo. Alipokuwa shule ya msingi, kitabu chao cha hesabu kilikuwa na majibu kurasa za mwisho, na jibu moja lilichapwa vibaya. Yeye alikokotoa akapata jibu sahihi, mwalimu akamtia kosa kwa sababu kitabu kilisema vingine. Akakokotoa tena mbele ya darasa, akapata lile lile, akacharazwa viboko kwa ukaidi. Mwisho wa mwaka swali likarudi kwenye mtihani, naye akaandika jibu la kitabu. Akapata. Alitusimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka sauti ilimbadilika akifika hapo kwenye kupata. Viboko alishavisahau, alisema, lakini ile alama ya vema aliyowekewa juu ya uongo ilimkaa kooni.

Ndiyo maana alisisitiza kwamba hisabati haina mkubwa. Mkuu wa chuo akisema mbili na mbili ni tano, na mtoto wa chekechea akasema nne, mkuu wa chuo na anyamaze. "Akili ni nywele," aliwaambia, "kila mtu ana zake." Halafu akajipangusa upara. "Na zangu mnaziona zilivyobaki. Kwa hiyo nisaidieni." Ukumbi mzima ulicheka.

Wakishacheka, waliinamia madaftari yao wakaendelea kunakili. Hapo ndipo wanafunzi wetu hunichemsha damu. Muulize mmoja wao hisabati ni nini, atakwambia ni kanuni. Kanuni zimetoka wapi? Kwa mwalimu. Mwalimu kazitoa wapi? Kitabuni. Na aliyeandika kitabu, alijuaje? Hapo anakutazama kama umemuuliza nani aliizaa bahari. Wanasema wameichagua hisabati kwa sababu haina ubishi, jibu ni moja tu, na kwao jibu hilo moja ni lile lililoko ubaoni. Liandikwalo ndilo liwalo. Miaka yote ya shule wamepewa hatua za kufuata kama wapishi wa jeshini, na wakafaulu, na mtu aliyefaulu kwa njia fulani si rahisi kumwambia njia hiyo haikuwa njia.

Mwaka mzuri waliomkamata walifika wachache, mwaka mbaya hakuna. Ikiwa hakuna, yeye mwenyewe aliufichua mtego kabla ya kipindi kwisha. Alikuwa na maneno yake ya kufichulia. "Nyinyi ni askari wa mpakani," alisema, "na mmenipitisha na mzigo wa magendo." Kisha akapigia mstari kosa, akalisahihisha, na wao wakafuta kwenye madaftari, wakinung'unika kwamba anawaharibia kazi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yao, na kuta zake zilijaa sare za shule zikining'inia bila vifungo. Hisabati hakuijua zaidi ya ile ya futi ya kupimia, lakini kukamata alijua kuliko sisi sote. Mumewe alikuwa akimtegea nyumbani vilevile: anamwambia leo Jumatano siku ya Jumanne, anamsifia mchuzi kwa sukari yake. Mama anainua macho kwenye cherehani, anasema, "Nimekukamata," ananyoosha kiganja. Analipwa chaki. Chaki hizo ndizo alizochorea vitambaa kabla ya kukata, na utani wao mkubwa ulikuwa kwamba chuo kikuu ndicho kinachomfadhili biashara. Niliwaonea wivu wale watu wawili. Sikuwa na mtu wa kunitegea.

Mwaka ninaousema, nilikuwa kwenye darasa la mazoezi nikamwita kiongozi wa darasa ubaoni. Kijana yule alikuwa na mwandiko mzuri, kola iliyopigwa pasi, na kawaida ya kuanza kila swali kwa samahani. Nikamtaka atuonyeshe kwamba namba tasa hazina mwisho.

Uthibitisho huo ni mfupi, na hata anayeichukia hisabati anaweza kuushika. Namba tasa ni zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba na kuendelea. Unasema, haya, tuseme zina mwisho, na hizi hapa ndizo zote. Unazizidisha zote pamoja, kisha unaongeza moja. Hiyo moja ndiyo yenye kazi. Kwa sababu yake, ukiigawa namba uliyoipata kwa yoyote kati ya zile ulizonazo, inabaki moja, na hakuna inayoingia sawasawa. Basi lazima ipo namba tasa nyingine uliyoiacha nje, na wewe ulisema umezitaja zote.

Kijana aliandika kwa herufi, kama inavyofanywa chuoni. Akazizidisha zote. Hakuongeza kitu. Chini yake akaandika kwamba namba hiyo haigawanyiki kwa yoyote kati yake, akapigia mstari kwa rula, akaniangalia akisubiri sifa. Nikamuuliza ile moja iko wapi. Akatazama daftari, akatazama ubao, akasema samahani, Madamu, hakuna moja. Nikawageukia wenzake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Wote walikuwa wamenakili kwa utulivu kwamba namba iliyotokana na kuzidisha mbili haigawanyiki kwa mbili.

Nikawauliza kama Mwalimu aliufichua mtego mwisho wa kipindi. Wakasema hakufichua kitu. Alikunja miwani akaondoka. Nikawaambia waongeze moja; wakasema watangoja Mwalimu mwenyewe aseme.

Nilimfuata ofisini, nikamweleza. Alinisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande mmoja, kisha akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akanipa chaki. "Umenikamata, binti." Nami nikacheka. Nilikuwa katikati ya korido, nimeishika chaki, ndipo nikakumbuka kwamba uthibitisho ule hakuwahi kuuwekea mtego. Mwaka wetu tulimuuliza kwa nini, akasema kuna vitu mtu hachezei, kama vile hachezi na jina la mama yake.

Juma lile lile nilipeleka sketi kwa mkewe ipunguzwe kiuno. Bakuli la chaki lililokuwa kando ya cherehani lilikuwa limefurika, nyingine amezimimina kwenye kopo la maziwa. Akaniambia kwa furaha kwamba mzee amerudi ujanani. Siku hizi ni mitego kutwa. Jana kamwambia aongeze sahani, kaka yake anakuja kula, na kaka yake amezikwa zamani. Amemkamata. Asubuhi ameweka viatu kwenye kabati la vyombo. Amemkamata. "Nashindwa hata kushona, mwanangu," alisema, huku akiuma uzi. "Nikigeuka huku mtego, nikigeuka kule mtego." Nilitaka kumwambia kitu, nikaona meno yake yote nje kwa kucheka, nikamwachia sketi nikaondoka.

Sasa mambo yangeweza kukaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka, kama si binti mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa nyuma kabisa wa ukumbi, ambaye hakuwa kwenye darasa langu la mazoezi siku ile. Wenzake walimwita Kimya. Alikuja ofisini kwangu akabaki amesimama, begi kalikumbatia, akaniambia anaacha hisabati. Ameshaongea na watu wa idara nyingine, watamchukua. Alitaka tu kuaga, kwa sababu mimi nilimwonyesha wema siku moja, wema ambao mimi siukumbuki.

Nilimuuliza sababu. Akasema hana akili ya kutosha. Nilipombana, akaeleza polepole, kama mtu anayevua bandeji. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa na tabia ya kurudi chumbani na kuweka namba mahali pa herufi za Mwalimu, aone zinavyofanya kazi. Shuleni tabia hiyo ilimsaidia. Huku haikusaidia. Aliweka mbili, tatu na tano kwenye uthibitisho wa namba tasa, akapata thelathini, na Mwalimu alikuwa ameandika kwamba thelathini haigawanyiki kwa mbili. Akaweka namba kwenye somo lililofuata, nalo likakataa. Na lililofuata. Kila kitu alichokigusa kilivunjika mkononi mwake, na wenzake wote walikuwa wakifaulu majaribio.

"Nikaona labda chuo kikuu herufi zina sheria zake," alisema, "na namba zina zake. Wenzangu wanazijua sheria za herufi. Mimi nimebaki kwenye namba kama mtoto."

Nilikasirika. Nilimwambia akae. Nilimwambia hakuna sheria mbili, thelathini inagawanyika kwa mbili hapa na popote, na katika ukumbi ule uliojaa watu yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifanya hisabati. Wengine walikuwa wakifanya mwandiko. Nilidhani atafurahi. Aliinamisha uso, akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu anaumwa?"

Mimi, niliyekula naye sahani moja, nilikuwa nimezunguka swali hilo majuma kadhaa nikaliita uzee, nikaliita uchovu, nikaliita mtego. Mtoto wa watu alilifikia kwa hatua moja.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ulinitisha. Mzee anastaafu mwisho wa mwaka, alisema. Hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Tena darasa hilo lina alama nzuri kuliko madarasa yote ya miaka ya karibuni. Nami nikajua kwa nini, maana mzee alisahihisha majaribio kwa kulinganisha na yale yale aliyoyaandika ubaoni, na walimrudishia yake neno kwa neno. Mkuu akanishika bega. Tufunike kombe mwanaharamu apite, alisema. Nilimjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akaangalia saa.

Basi nikaenda kwa mwenyewe. Nilimkuta ofisini ameketi mbele ya dirisha, mikono magotini, kama abiria. Nilianza kwa kuzunguka, akanikata.

"Najua ulichokuja nacho," alisema. "Siku hizi naandika, na nikifika nyumbani sijui nimeandika nini. Naogopa sana, binti. Lakini nina uthibitisho. Usikilize, kisha nionyeshe kosa lake." Akainua kidole kama yuko ubaoni. "Ukumbi umejaa vijana wenye macho. Wote nimewaomba wanikamate. Kama ningekuwa napotea, wangenikamata. Mwaka mzima hajasimama mtu. Kwa hiyo mimi ni mzima."

Alinitazama akisubiri. Kosa nililiona. Lilikuwa kwenye neno moja tu, hilo la wangenikamata. Maisha yake yote aliyajenga juu yake, na hakuna kilichokuwa chini.

Nikafungua mdomo, akaniwahi. "Siyo wewe," alisema. "Wewe unanipenda, huwezi kuwa shahidi. Wao. Wao wakinyamaza nitaendelea, wakisema nitaondoka. Sitaki mkuu wa idara anitoe kwa barua na keki."

Nilimweleza Kimya maneno hayo bila kuongeza wala kupunguza, nikamwambia halazimiki kufanya kitu. Aliuliza jambo moja tu: ikiwa yeye ameona, na anaendelea kunyamaza, je, hatakuwa anamdanganya Mwalimu kila siku anayoingia pale na kukaa?

Kipindi cha mwisho kabla ya mitihani kilikuwa cha marudio. Nilikwenda nikakaa kando ya mlango wa mbele. Mzee aliingia na shati alilolifunga vifungo visivyolingana, kola moja juu moja chini, mke aliye fundi cherehani asingepitisha vile, kwa hiyo alivaa baada ya kutoka machoni pake. Aliweka chaki mpya mezani kama kawaida, na ya pili akaanza kuandikia. Namba tasa hazina mwisho. Mwandiko wake ulikuwa ule ule, mkubwa, uliosimama wima. Tuseme zina mwisho. Hizi hapa zote. Akazizidisha. Nilijikuta nasema kimoyomoyo ongeza moja, ongeza moja, kama mtu anayemwombea mtoto wake asianguke kwenye ngazi. Akaweka nukta. Akashuka mstari wa pili.

Ukumbi ulinakili. Sauti ya kalamu zote zile nilikuwa nimeizoea miaka na miaka, lakini siku hiyo nilitamani kuwanyang'anya kalamu hizo.

"Mwalimu, nimekukamata."

Kimya alikuwa amesimama mstari wa nyuma. Vichwa viligeuka. Mzee naye akageuka, na nitakachosema sikukisikia kwa mtu, nilikiona: uso wake ulifurahi. Kwa muda mfupi ulikuwa uso wa miaka yetu.

"Wapi, binti?" aliuliza.

Kimya alishuka ngazi za ukumbi mpaka mbele, akachukua chaki mpya mezani. Aliandika mbili, tatu, tano. Akazizidisha, akaandika thelathini. Chini yake akaandika thelathini kwa mbili ni kumi na tano, akasogea pembeni ili Mwalimu aone.

Mzee alitazama. Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, akarudi nyuma, akatazama mistari yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepita kwenye nyumba iliyoibiwa akiangalia kimebaki nini. Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kutokea, na sote tuliomjua tuliijua: angesema alikuwa akitungojea, angesema tumempitisha na magendo, ukumbi ungecheka, na mwaka ungekwisha.

"Huu haukuwa mtego," alisema. Akatazama kipande cha chaki kilichobaki mkononi mwake, akakiweka kwenye kiganja cha yule binti juu ya kile kingine. "Ahsante, mwanangu. Umenikamata kweli." Kisha akatoka kwa mlango niliokaa kando yake, akanipita bila kunitazama, na miwani yake akaiacha mezani.

Niliinuka nikaenda kuichukua ile miwani nimfuatie. Kimya alikuwa bado amesimama ubaoni na chaki zake mbili, machozi yanamtiririka, hayafuti. Ndipo kiongozi wa darasa alipoinua mkono.

"Samahani, Madamu," alisema. "Kwenye mtihani tuandike ipi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini nyuma yake waliinua nyuso zao wote, kalamu tayari, wakiningojea mimi nitaje. Hawakuwa na ubaya. Naapa hawakuwa na ubaya wowote. Mtu mzima alikuwa amevunjika mbele yao, na mwenzao alikuwa amefanya pale mbele hisabati ya kweli ambayo wengi wao hawajawahi kuiona ikifanywa, na walichokiona ni kwamba majibu sasa ni mawili na wanahitaji kujua la kukariri.

Niliwaambia waandike la kweli. Kijana akauliza, kwa adabu, la kweli ni lipi. Nikatoka.

Mzee hakurudi chuoni. Hospitali waliupa ugonjwa wake jina refu na dawa fupi. Mtihani nilisahihisha mimi, na namba tasa zilikuwemo. Wachache waliongeza moja. Wengi walifuata ubao wa Mwalimu, kwani ndio uliokuwa kwenye madaftari. Wengine waliandika uthibitisho wote wawili, huu kushoto na huu kulia, wakaniachia nichague.

Kimya hakuhama idara. Ningependa kusema alibaki kwa ushujaa. Alibaki kwa sababu nafasi kule ilishajaa. Siku hizi anakaa mstari wa mbele, viti viwili kila upande wake vitupu, kwa sababu wenzake wanasema ndiye aliyemmaliza mzee. Alikuwa mzima, wanasema, mpaka alipoaibishwa. Nimewaambia mara ngapi kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Wanaitikia ndiyo, Madamu. Darasa lile, sasa la mwaka wa pili, ninalifundisha mimi, na chaki mpya naiweka mezani siku ya kwanza, na mitego naitega. Mwaka huu hajasimama mtu ila yeye.

Kwa wazee nilikuwa nakwenda Jumapili. Mama hakuwa akishona tena sana, maana mzee alihitaji macho. Miezi ya kwanza hakuamini maneno ya daktari. Mumewe akiuliza treni inaondoka saa ngapi, humjibu amemkamata. Akiita shati kiatu, amemkamata. Mzee alikuwa akicheka mara nyingine, kwa mazoea tu nadhani, na kumtafutia chaki mifukoni, na Mama akawa anamwekea moja kwenye mfuko wa shati kila asubuhi ili asikose cha kulipa. Nilimwona akiiweka.

Jumapili ya mwisho kabla hajalazwa niliwakuta wako chumba cha mbele. Mama alikuwa amepiga magoti miguuni pake, anapima suruali yake mpya, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zinamvuka. Pini zilikuwa mdomoni. Mzee alinitazama, akatazama kile kichwa kilichoinama magotini pake, akanisemesha kwa sauti ya chini ya mtu mwenye heshima zake.

"Binti," alisema, "huyu mama ni nani?"

Mama aliacha kupima. Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Aliinua uso akatabasamu.

"Nimekukamata," alisema, akanyoosha kiganja.

Mzee alikitazama kile kiganja. Chaki ilikuwa mfukoni mwake, ncha yake nyeupe ikionekana. Alingoja kwa adabu, kama tunavyomngojea mgeni amalize anachosema katika lugha tusiyoijua, kisha akanigeukia tena mimi, nimjibu swali lake.

Mama alibaki amenyoosha mkono.